Arusha baada ya kikombe

Miaka ya 1980 timu ya madaktari wa Dar es Salaam, ikiongozwa na Mskoti Donald McLarty, ilizunguka vijiji sita vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara ikiwanywesha watu maji ya glukosi na kuwapima damu saa mbili baadaye. Matokeo yalichapishwa mwaka 1989: katika watu mia, mwenye kisukari hakufika hata mmoja. Baadaye kijiji cha Shari, wilayani Hai, kililinganishwa na Ilala ya Dar es Salaam, na mjini wagonjwa wakaonekana kuwa zaidi ya mara tatu. Ilipofika 2012, utafiti wa kitaifa ulikuta kisukari kwa watu tisa katika kila mia wenye umri wa miaka 25 hadi 64.

Arusha ilikuwa ikibadilika vivyo hivyo. Miteremko ya Meru ilikuwa ya migomba, kahawa na maziwa, na mama alishuka kwa mguu hadi sokoni na mkungu wake, jioni akaupanda mlima tena. Mashamba yakagawanywa kwa watoto na wajukuu mpaka yakawa vipande, vijana wakahamia mjini. Jiji lililohesabiwa watu 416,442 mwaka 2012 lilikuwa na 617,631 mwaka 2022. Siku hizi safari ni ya bodaboda, na mchana ni chipsi mayai na soda badala ya loshoro. Simlaumu mtu, anayeshinda kwenye gereji tangu alfajiri hula kilicho karibu.

Kisha ukaja mwaka 2011. Huko Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, aliyeitwa Babu, alikuwa akigawa kikombe cha dawa ya mizizi ya mugariga kwa shilingi 500. Ilisemwa kinaponya kisukari, UKIMWI na saratani. Magari yaliondoka Arusha usiku na mchana, yakipita Mto wa Mbu na kuingia kwenye vumbi. Foleni ilikuwa ya kilomita nyingi. Wagonjwa walilala ndani ya magari, na wapo waliofia humo. Mwishoni mwa Machi Babu mwenyewe aliomba watu wasije kwanza mpaka foleni ipungue. Waliorudi wakiamini wamepona na kuacha dawa walikuwa hatarini: anayeishi kwa insulini akiiacha anaweza kufa ndani ya siku chache, na anayeacha vidonge huharibika taratibu macho, figo na miguu.

Hata hivyo, kuwaita wajinga si haki. Babu aliwapokea wote kwa bei moja, na hakumwambia mtu arudi mwezi ujao. Kliniki ilimwambia mgonjwa arudi kila mwezi, maisha yake yote, apange foleni, na pengine aambiwe dawa zimekwisha.

Nchi hii iliwahi kuipeleka afya majumbani. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Kazi ile ilifanywa na majirani.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano, wanaotoka katika mitaa na vitongoji vyao wenyewe. Kwa kisukari, huyu ndiye mtu tuliyemkosa. Anaweza kufika asubuhi kabla ya chai, akamtoboa mtu ncha ya kidole na kusoma namba ya sukari. Ikiwa 7 mmol/L au zaidi, anampeleka mwenyewe zahanati kipimo kirudiwe. Anamvua mzee soksi, anatazama katikati ya vidole, na kukuta kidonda ambacho mwenyewe hakukihisi. Kidonda hicho kikiwahiwa husafishwa na kufungwa bendeji. Kikicheleweshwa, Hospitali ya Mount Meru hukipokea kama mguu wa kukatwa.

Lakini mhudumu asiye na vijiti vya kupimia hana cha kufanya zaidi ya kutoa pole. Hivyo madiwani wa Arusha waviweke kwenye bajeti, vifike kila mtaa. Nawe uliyevuka miaka arobaini, au mwenye mzazi aliyeugua sukari, muulize mwenyekiti wako wa mtaa mhudumu wenu ni nani, ukapimwe wiki hii.