Ionantha: Kivumishi cha Kilatini Pwani ya Tanga

Mwaka 1893, Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, alilipa jina ua dogo la zambarau lililotoka Tanga, ambako humea katika vivuli vya miamba tangu Amboni hadi Usambara: Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni heshima kwa Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wilayani Tanga, aliyelipeleka Ulaya. La pili ni kivumishi kilichoundwa kwa Kigiriki, ion, urujuani, na anthos, ua. Yaani, lenye maua mithili ya urujuani.

Mswahili hana haja ya kukiogopa kivumishi hiki. Sisi husema mti mzuri, kiti kizuri. Upatanisho wetu hukaa mwanzoni mwa neno, wa Kilatini hukaa mwishoni: -us kwa jinsi ya kiume, -a kwa ya kike, -um kwa isiyo hii wala ile. Saintpaulia ni la kike, basi ionantha. Mkazo nao huangukia nan, pale pale ambapo ulimi wetu ungeuweka bila kufundishwa. Th yake, kwa matamshi ya kale, haikuwa ya thelathini bali t yenye pumzi. Mtihani ni grandifolia, ambamo mkazo hurudi nyuma kwenye fo. Hapo wengi wetu hujikwaa.

Mwaka 2015 jenasi ya Saintpaulia iliingizwa ndani ya Streptocarpus, jina la kiume lenye maana ya tunda lililosokotwa. Mara ionantha ikawa ionanthus, na pendula ikawa pendulus. Jina la mtawala likaondoka katika orodha ya wataalamu, ingawa wauza maua wangali wakilitumia.

Vivumishi vya -ensis havibadiliki kati ya kiume na kike, na ndivyo vilivyobeba majina ya kwetu: amaniensis, magungensis, tongwensis, wa Amani, wa Magunga, wa mlima Tongwe. Sarufi ingeviacha salama. Bahati mbaya, mwaka 2006 Iain Darbyshire alikwisha kuzihesabu spishi hizo tatu kuwa sehemu ya ionantha. Kwa sayansi huenda ni sawa. Mimi nasikitikia Tongwe kuliko Saint Paul. Katika orodha ya leo, anayesaka -ensis ya pwani yetu atapanda hadi mlima Mafi: Streptocarpus ionanthus, spishi ndogo ya mafiensis.