Kutoka Baiskeli Hadi Viazi: Mke na Mume wa Mbagala na Filamu 4 Zilizowahi Kuitwa Bora Kuliko Zote

Wadau wa muvi wana mchezo wao mkubwa, na si Oscar. Oscar ni ya kila mwaka, miezi sita ikipita watu wameshasahau nani alishinda. Mchezo wenyewe huchezwa mara moja tu kila baada ya miaka 10. Jarida la Uingereza linaloitwa Sight and Sound, la taasisi ya filamu ya BFI, linawaandikia wahakiki, kila mmoja anataja filamu zake 10 bora za wakati wote, kisha kura zinajumlishwa. Walianza 1952. Mpaka kura ya 2022, filamu zilizowahi kukaa namba moja ni nne tu. Nne!

Hizo nne ndizo walizoanza nazo mke na mume mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam, walipoamua kuimaliza orodha ya filamu 100, kila Jumapili usiku. Mume ni bodaboda, pikipiki ya mkataba. Mke ana cherehani yake barazani. Mama mzazi wa mume anakaa nao. Wala haikuwa mambo ya usomi. Walikuwa wamefika mahali kila mtu usiku yuko na simu yake, na maneno yao yote ni hela ya matumizi na hesabu ya bosi. Mke akaona bora wawe na kitu kimoja wanachokitazama wote. Akaandika majina yote 100 kwenye daftari.

Ya kwanza ilikuwa Bicycle Thieves, ya Mtaliano Vittorio De Sica, 1948. Ndiyo iliyoshinda kura ya 1952, na waliopiga kura mwaka huo walikuwa 63 tu. Roma imetoka vitani, kazi hakuna. Baba mmoja anapata kazi ya kubandika matangazo ukutani, lakini sharti awe na baiskeli. Siku ya kwanza kazini baiskeli inaibiwa, naye anazunguka mji mzima na mwanawe mdogo kuitafuta. Inasemwa prodyuza wa Kimarekani alikuwa tayari kutoa hela mradi baba huyo aigizwe na staa Cary Grant. De Sica akakataa, akamchukua mfanyakazi wa kiwandani ambaye hakuwa mwigizaji kabisa. Na inaonekana! Ule uso si wa kuigiza.

Kwa kuwa maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza na mama hakisomi, mume akawa anatafsiri kwa mbwembwe za marehemu Lufufu, yule aliyetufanya tuamini Wachina wote wanaongea Kiswahili cha vijiweni. Baiskeli ilipoibiwa akanyamaza. Sauti haikurudi mpaka filamu imeisha. Kisha akatoka nje kimya, akaenda kuongeza mnyororo wa pili kwenye pikipiki.

Mke hakuwa na shida na hilo. Yeye alikuwa na swali lingine. Ile baiskeli mwanzoni ilikuwa imewekwa rehani, na aliyeikomboa ni mke wa yule bwana. Alivua mashuka ya kitandani, yale mazuri ya harusi, akayapeleka rehani. Baada ya hapo mwanamke anakaribia kupotea kabisa kwenye filamu. "Baba watoto," aliuliza, "mbona mwenye mashuka haulizwi kitu?"

Swali zito hilo, maana kianzio cha pikipiki ya mkataba kilitoka kwenye vikoba vyake.

Citizen Kane haikuwasumbua sana. Orson Welles aliitengeneza akiwa na miaka 25, ikatoka 1941, ikapata Oscar moja tu, ya uandishi. Kwenye kura ya 1952 haikuingia hata kumi bora. Halafu kuanzia 1962 ikashika namba moja na kukaa hapo kura tano mfululizo, mpaka 2012 ilipoangushwa na Vertigo ya Alfred Hitchcock. Hiyo nayo ilipotoka 1958 wengi hawakuielewa. Wengine bado. Mume aliipenda, mke alisema ni habari ya mwanaume anayemvalisha mwanamke nguo za mwanamke mwingine, yaani yeye fundi nguo amechoka na wateja wa namna hiyo.

Ya nne ndiyo iliyoleta kasheshe. Mwaka 2022 wapiga kura waliongezwa mpaka wakapita 1,600, na namba moja ikawa Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, Mbelgiji. Mara ya kwanza filamu ya mwanamke kukaa juu. Akerman alikuwa hajafikisha miaka 25 ilipoonyeshwa Cannes, Mei 1975, na wengi wa waliofanya naye kazi kwenye utengenezaji walikuwa wanawake. Ni saa 3 na dakika 21. Siku tatu za mjane mmoja wa Brussels anayeishi na mwanawe: anapika, anaosha vyombo, anatandika, anamenya viazi. Mchana anapokea wanaume kwa malipo, na hilo linaonyeshwa kwa ukimya uleule wa viazi. Kamera haisogei. Mwisho hausemwi hapa.

Wapo waliolalamika duniani kote kwamba namba moja hiyo ni siasa tu. Mume alilalamika mapema zaidi, kwenye dakika ya 20 hivi. Maongezi machache, mtafsiri kakosa kazi. "Sasa hapa tunaangalia nini?" Saa moja baadaye alikuwa anakoroma.

Mke na mama mkwe wakabaki wawili. Siku ya pili ya yule mjane viazi vinaungua, naye anazunguka na sufuria hajui akiweke wapi. Mama mkwe akasema taratibu, "Huyu leo kuna kitu." Ameliona, wakati wahakiki wengi wamelieleza kwa kurasa na kurasa. Kwa mtu asiyewahi kuendesha jiko, kile ni kiazi tu. Kwa aliyeendesha, ile nyumba imeshaanza kubomoka.

Asubuhi wakazozana. Mume alisema hakuna kilichotokea. Mke akamwambia baiskeli ilipoibiwa aliielewa kwa dakika moja kwa sababu ni chombo chake cha kazi, sasa sufuria ni ya nani? Akamaliza na la moyoni: mkataba ukiisha, kadi ya pikipiki iandikwe majina mawili.

Mama mkwe naye ana ugomvi wake na daftari hilo. Amekulia Unguja, na miaka ya 60 alipelekwa Majestic kwenye maonyesho ya wanawake tu, kutazama picha za Kihindi. Yeye bado anasema picha, hasemi muvi. Akauliza Mother India ni namba ngapi. Haimo. Picha ya 1957, Nargis akiwa mama anayempiga risasi mwanawe wa kumzaa kwa ajili ya heshima ya kijiji, iliyojaza majumba ya sinema pwani yote hii, haimo kwenye 100. Kutoka India ipo Pather Panchali peke yake. Kutoka Senegal zimo mbili, Touki Bouki na Black Girl. Sasa hao 1,600 ni wengi kuliko 63, lakini wanawake waliokuwa wakitoka Majestic na kanga zimelowa machozi nani aliwaandikia barua?

Mke ameiongeza chini ya daftari, namba 101, na itatazamwa Jumapili hii, kabla ya kuendelea na zilizobaki. Mtafsiri safari hii ni mama. Mkataba wa pikipiki unaisha mwezi wa 11, na majina ya kwenye kadi bado wanayaongelea.