Katuni ya Siasa kama Hati ya Historia

Miongoni mwa picha zinazochapwa mara nyingi katika vitabu vya historia ya Afrika imo katuni ya Edward Linley Sambourne, iliyotokea katika gazeti la Punch la London tarehe 10 Desemba 1892. Cecil Rhodes, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Koloni la Rasi tangu mwaka 1890, amesimama juu ya ramani ya Afrika: mguu mmoja Misri, wa pili Cape Town, bunduki begani, na mikononi ameunyosha waya wa telegrafu. Mwanafunzi akiulizwa picha hii yasema nini, hujibu upesi kwamba Waingereza walilitawala bara lote kutoka Kusini hadi Kaskazini. Jibu hilo ni kosa, na chanzo chake ni kuitazama katuni pasipo kuisoma.

Kwanza, katuni ina lugha yake. Anwani ya katuni hii kwa Kiingereza ni mchezo wa maneno: Rhodes ni jina la mtu, tena ni jina la kisiwa cha Wayunani ambako sanamu kubwa mno ya shaba ilisimamishwa katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Masimulizi ya baadaye yalidai kwamba sanamu hiyo ilitanua miguu juu ya mlango wa bandari. Fumbo hili halitafsiriki kwa Kiswahili, kwa hiyo mwalimu hana budi kulifumbua. Wasomi wa siku zile walijua pia kwamba sanamu ile iliangushwa na tetemeko la ardhi. Je, mchoraji alisifu au alidhihaki? Picha haikati shauri. Yafaa wanafunzi waitetee kila rai kwa dalili zilizomo.

Pili, katuni ipimwe kwa hati nyingine. Kwa mapatano ya tarehe 1 Julai 1890, Uingereza ilikwisha kukubali milki ya Ujerumani katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, nayo ilikata njia ya Rhodes. Sudan ilikuwa mikononi mwa wafuasi wa Mahdi hadi mwaka 1898. Na waya ule wa Rhodes haukufika Cairo kamwe. Basi katuni hii yashuhudia tamaa, wala haishuhudii utawala. Ni shahidi mwema, mradi aulizwe jambo alilolijua.

Tatu, na hili ndilo lituhusulo zaidi, mwanafunzi aulize ni nani asiyeonekana. Chini ya miguu ya jitu lile hapana hata mtu mmoja. Lakini katika ardhi hiyo hiyo, mwezi wa Agosti 1891, Wahehe wa Mkwawa walikuwa wamekishinda kikosi cha Wajerumani huko Lugalo, na katuni ilipochapwa Mkwawa alikuwa angali akitawala. Utupu wa ramani ni hoja ya mchoraji. Haukuwa hali ya nchi.

Tukiwapa vijana wetu picha hii bila maswali haya, twawafundisha kujitazama kwa macho ya wasomaji wa London wa mwaka 1892. Tukiwapa pamoja na maswali, picha iliyowafuta babu zao yageuka kuwa ushahidi juu ya yule aliyewafuta.