Kutambua Vinundu vya Uso katika Pwani ya Cabo Delgado

Katika pwani ya kaskazini mwa Msumbiji inayoanzia mlango wa mto Ruvuma, ikapita Palma na Mocímboa da Praia hadi kisiwa cha Ibo, uso wa mtu ulipambwa kwa mikono tangu zamani. Wanawake wa Kimwani waliupaka msiro, yaani uji mweupe upatikanao kwa kusugua kipande cha mti juu ya jiwe lenye maji, na Wamakonde, wanaume kwa wanawake, walitojwa dinembo, yaani chale zilizopakwa masizi ya mbegu za mbarika hadi zikapona zikiwa nyeusi na zimeinuka. Hata wachongaji wa barakoa za ngoma ya mapiko walibandika nta ya nyuki juu ya mti ili kuzionyesha chale hizo. Kwa hiyo macho ya watu wa huko yalilazimika kutenganisha uvimbe wa makusudi na uvimbe wa maradhi.

Uvimbe mwingi haukuwa mgumu kutenganishwa. Jipu huwa la moto, huuma na kuiva kwa siku chache. Kifuko cha mafuta kichwani hukua polepole kwa miaka bila kuudhi. Na kovu nene, ambalo huvuka mpaka wa jeraha lililolizaa, huwasha na kubaki gumu. Kidonda kisichopona mdomoni, sikioni au utosini mwa mtu mwenye ualbino kilipasa kuhofiwa mapema, kwa maana saratani ya ngozi iliyochomwa na jua huanza hivyo.

Uliowashinda wengi ni ukoma. Katika sura yake yenye vimelea vingi, vinundu huota kwenye ndewe za masikio, paji na mashavu, nyusi hupukutika kuanzia upande wa nje, na pua huweza kubonyea. Lakini haviumi wala haviwashi, na mtu asiyeumwa haendi kwa mganga. Kinyume chake, baadhi ya wagonjwa, mara nyingi wakiwa tayari wanatibiwa, hutokwa ghafla na vinundu vyekundu vyenye maumivu na homa, ambavyo ni mwitikio wa kinga ya mwili dhidi ya vimelea, si ugonjwa mpya. Ni jambo la kusikitisha, kwa sababu hapo ndipo mgonjwa huona kwamba dawa imemdhuru na kuiacha.

Daktari Armauer Hansen alikitambua kimelea cha ukoma mjini Bergen, Norwe, mwaka 1873, lakini elimu hiyo ilichelewa kuifikia pwani hii, iliyotawaliwa kati ya 1891 na 1929 na Kampuni ya Niassa, ambayo shughuli yake kubwa ilikuwa kodi na kazi ya kulazimishwa. Baada ya uhuru wa 1975 serikali iliifanya tiba kuwa mali ya umma, na kuanzia 1978 ikafundisha wahudumu wa afya wa vijijini, mpango uliovurugwa na vita vilivyomalizika 1992. Dawa mseto zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981 zilibadilisha mengi, ingawa mojawapo, klofazimini, huitia ngozi weusi kwa muda, na hivyo uso ulioanza kupona ukazidi kuonekana. Msumbiji ilitangaza mwaka 2008 kwamba wagonjwa wamepungua chini ya 1 kwa kila watu 10,000. Hata hivyo huo ulikuwa wastani wa taifa zima, ilhali mikoa ya kaskazini ndiyo iliyokuwa imebeba mzigo mkubwa.

Kisha yakaja mashambulizi ya waasi wenye silaha huko Mocímboa da Praia, Oktoba 2017, na Palma, Machi 2021, yaliyowatawanya watu hadi Pemba na Metuge. Ukoma hujificha kwa miaka 5 hivi, mara nyingine 20, na tiba ya sura yenye vimelea vingi huchukua miezi 12. Kwa hiyo mgonjwa aliyekimbia katikati ya dozi hufika kwa muuguzi asiyeujua uso wake wa zamani, ambaye hana budi kuanza upya kwa kupapasa ndewe, kukagua nyusi na kuigusa ngozi kwa uzi wa pamba ili kujua mahali penye ganzi.