Singeli: Nyumbani Wanaita Kelele, Ulaya Wanalipa Kiingilio

Leo tuongelee singeli, maana huku kwetu Ngara na Biharamulo bodaboda karibu wote wanayo kwenye flashi, lakini ukiuliza ilitoka wapi watu wanakwambia "Dar" basi, stori imeisha. Haijaisha.

Turudi nyuma. Miaka ya 90 uswahilini Dar kulikuwa na mchiriku. Vijana walichukua kinanda kidogo cha Casio, kile cha kuchezea watoto, wakakiunganisha na spika kuukuu, wakaongeza ngoma za Kizaramo, shughuli inakesha. Jagwa Music ndio walitamba humo, na mwaka 2012 albamu yao ya Bongo Hotheads ilitolewa na lebo ya Ubelgiji. Kwa hiyo huu mchezo wa mzungu kuona thamani kabla yetu haukuanza jana.

Singeli ikafuata njia hiyo hiyo. Kwenye vigodoro, zile sherehe za usiku mtaani, DJ alikuwa anachukua kipande cha taarabu kisicho na maneno, anakizungusha na kukiongezea spidi, MC anachana juu yake. Manzese, Tandale, Mburahati, huko ndiko ilikokulia. Hakukuwa na studio ya maana. Kompyuta moja, programu ya DJ, kazi inaanza. Spidi ikapanda mpaka mapigo 200 na zaidi kwa dakika, mengine yanakaribia 300. Moyo wako ukiwa umetulia unapiga kati ya 60 na 100. Sasa piga hesabu mwenyewe.

Wakati huo huo London, mwaka 2013, jamaa anaitwa A. G. Cook alianzisha lebo ya PC Music. Sauti zimevutwa juu kama za katuni, midundo inakimbia, baadaye dunia ikauita haipapop na kuuandikia makala. Manzese walikuwa wanafanya mambo yanayofanana bila kujuana nao, ila wao waliitwa wahuni. Vigodoro vilipigwa marufuku mara kwa mara, na wazazi wengi hawakutaka kusikia hilo neno.

Redioni mambo yalianza kubadilika EFM ilipoubeba huu muziki, na 2016 Man Fongo akaja na Hainaga Ushemeji, nchi nzima ikaimba. Halafu 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa Sounds of Sisso, mkusanyiko kutoka studio ya Sisso pale Mburahati. Baada ya hapo kina Sisso, Jay Mitta, Bamba Pana na MCZO wakaanza kupanda majukwaa ya Ulaya. Na tamasha la Nyege Nyege lilikuwa Jinja, Uganda. Kwa mtu wa Biharamulo, kupita Mutukula kwenda Jinja ni karibu kuliko kwenda Dar, ambako ni zaidi ya kilomita 1,000!

Mimi nimeiona laivu mara moja tu, Dar, kwenye shughuli ya mtaa. Jamaa aliyekuwa kwenye mashine simtaji, hajulikani hata mtaa wa pili. Laptop iko juu ya meza ya plastiki, kibodi baadhi ya herufi zimeng'oka, vidole vinagonga kama anapiga ngoma. Kwenye simu singeli inasikika kama nyuki ndani ya kopo. Pale, spika zimepangwa kama ukuta, besi inaingia tumboni kabla ya masikio. Nikagundua kitu: hakuna anayecheza kila pigo. Akina mama waliofunga khanga kiuno kinakwenda polepole kama taarabu, vijana ndio miguu inakimbia. Muziki mmoja una spidi mbili, kila rika lina nafasi yake. Hiyo simu haikuonyeshi.

Ndio maana nawaandikia. Huku kwetu kuna ngoma za Wahangaza na Washubi zinazotikisa kifua, na kuna madogo wana laptop za kuungaunga wanapiga kwenye harusi Rulenge na Nyakahura. Wakichanganya hivyo viwili tunawaambia wanaharibu mila, wazime. Wazee wanaozijua hizo ngoma nao wanaondoka, na rekodi hatuna.

Historia ya singeli inasema wazi: vifaa vya bei rahisi havikuzuia kitu, kilichochelewesha ni dharau ya nyumbani. Tukisubiri mgeni avuke Rusumo aje kutuambia mtoto wetu ni mkali, ataondoka na rekodi na mkataba, sisi tutabaki kushangilia kwenye simu.

Dogo wa mtaani kwako akiwasha mashine Jumamosi hii, nenda ukasimame karibu na spika kwanza. Halafu ndio useme ni kelele.

Wewe singeli uliisikia wapi mara ya kwanza? Na kuna dogo gani huko kwenu anachanganya ngoma na kompyuta? Tuambiane.