Mashine Bila Genge: Kumbukumbu za Duka Dogo Manyoni, Kutoka Daftari Hadi Nywila

Mwaka 1923 wafanyabiashara wa Kihindi wa Tanganyika walifunga maduka yao kwa zaidi ya siku hamsini. Walipinga leseni mpya na kodi mpya ya faida. Walipinga pia sharti kwamba hesabu zao ziache kuandikwa kwa Kigujarati, ziandikwe kwa lugha ambayo mkaguzi wa serikali angeweza kuisoma. Wanahistoria huukumbuka mgomo ule kama mgogoro wa kodi na wa rangi katika dola ya kikoloni, na ndivyo ulivyokuwa. Hata hivyo, ndani yake limo swali ambalo miaka mia moja haijalizeesha: kumbukumbu za duka ni mali ya nani, nani ana haki ya kuzisoma, na nani abebe gharama ya kuzitunza kwa namna anayoitaka mwenye mamlaka?

Daftari la Kigujarati lilikuwa na kufuli lake, nalo ni lugha. Mwizi angeliiba asipate la maana ndani yake. Karani wa serikali angelifungua asielewe. Dola ilipotaka kulivunja kufuli hilo haikumpa mwenye duka kufuli jingine, wala mwandishi wa hesabu wa kumsaidia. Ilimpa amri. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba utaratibu huo umejirudia katika kila kizazi cha vyombo vya kumbukumbu nchini: amri hufika, mashine hufuata, na mtunzaji hasemwi. Nautumia mji wa Manyoni kama mfano, kwa kuwa mji huo wa mkoa wa Singida ulizaliwa na taasisi iliyoujua vizuri umuhimu wa mtunzaji.

Taasisi hiyo ni reli. Njia ya kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla yake, mji wenye uzito katika eneo hili ulikuwa Kilimatinde, penye boma la Wajerumani ukingoni mwa Bonde la Ufa, katika njia ya misafara. Reli ikauhamishia uzito huo stesheni. Maduka yakaota kandokando yake, na waya wa simu ukapita sambamba na njia.

Wasafiri wengi huitazama garimoshi, wachache huwatazama watu wa genge. Kila kipande cha njia kilikuwa na wafanyakazi wake, na kambi zao zilijengwa kandokando ya reli. Kazi yao ilikuwa kutembea juu ya njia ile, kukaza kilicholegea, kurudisha kokoto zilizochukuliwa na mvua na kutoa taarifa kabla ajali haijatokea. Genge halikuitwa baada ya garimoshi kuanguka. Lililipwa mwezi hadi mwezi ili lisianguke, na mshahara wake ulihesabiwa kuwa sehemu ya bei ya reli yenyewe. Lugha ya kibiashara ya leo ingeuita utaratibu huu huduma endelevu ya kiufundi kwa mkataba. Wazee wa Manyoni waliuita genge.

Manyoni inalijua pia somo la upande wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Manyoni kupitia Singida hadi Kinyangiri. Halikulipa. Katika miaka ya 1940 lilifungwa na reli zake zikang'olewa, na ikabidi miongo kadhaa ipite ndipo njia ya kwenda Singida ijengwe upya. Mwenye kuamua kujenga alikuwa mbali, na mwenye kuamua kuacha kutunza alikuwa mbali vilevile. Aliyebaki na tuta tupu alikuwa mkulima na mwenye duka.

Baada ya uhuru, serikali yenyewe ilionja uchungu wa mashine isiyo na genge. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965 kwa ajili ya hesabu za serikali. Mafundi wake walikuwa wageni, vipuri vyake vilitoka nje, na wenyeji walioifahamu kwa undani walikuwa wachache mno. Hesabu zikavurugika kiasi cha kuilazimu Hazina kurudi kwenye kazi ya mkono, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake bila kibali maalumu. Marufuku hiyo ililegezwa taratibu, hata ikatoweka katika zama za soko huria.

Ni rahisi kuicheka amri ile leo. Mimi naona tuisome kwa makini zaidi. Tatizo lilikuwa upungufu wa watunzaji, na tiba iliyochaguliwa ilikuwa kuondoa mashine. Kwa hiyo nchi ilipoufungua mlango, tulipokea mashine kwa wingi bila kuwa na kizazi cha mafundi kilichokua nazo. Wachache waliokuwapo walibaki Dar es Salaam, katika benki, mashirika na vyuo vikuu. Miji ya reli ilipata kompyuta za mkono wa pili na vijana waliojifunza kwa kubahatisha.

Kisha ikaja simu ya mkononi, na mwezi Aprili 2008 M-Pesa ikaanza kutumika Tanzania, mwaka mmoja baada ya Kenya. Duka la vocha likageuka kuwa wakala, na wakala akageuka kuwa benki ya mtaa. Zana zake ni simu ya bei nafuu, laini ya uwakala, floti, daftari la kuandikia miamala na namba ya siri. Benki yenye jengo ina mlinzi mlangoni na idara ya usalama wa mifumo. Wakala ana kibao na mwavuli. Yeye ndiye anayepigiwa simu na mtu anayejitambulisha kuwa mfanyakazi wa kampuni ya simu, akaombwa "kuthibitisha" namba yake ya siri, na anapogundua kilichotokea floti imekwisha kuhama. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umekuwa mzaha wa taifa, lakini kwa mjane aliyekopa VICOBA ili apate floti, mzaha huo ni kufungwa kwa duka.

Mwaka 2010 zikafuata mashine za kielektroniki za kodi, yaani EFD, kwa wafanyabiashara waliosajiliwa na VAT, na mwaka 2013 likaja zamu ya wale wasiosajiliwa. Maduka yakafungwa tena, Kariakoo na katika miji mingine, mwishoni mwa 2013 na mapema 2014. Malalamiko makuu yalikuwa bei ya mashine, iliyotajwa kuwa kati ya laki sita na laki nane. Serikali ilijibu kwamba gharama hiyo ingefidiwa kupitia makato ya kodi. Ubishi wote ukawa juu ya kununua. Swali la miaka mitano ya baadaye halikupata nafasi: nani ataitunza mashine hii, nani ataipeleka kwa msambazaji aliyeidhinishwa ikiharibika, na duka litaandika nini siku hizo?

Tangu hapo amri hazijakoma. Usajili wa makampuni na majina ya biashara kwa BRELA ulihamia mtandaoni mwaka 2018, na leseni za biashara za halmashauri zikahamia kwenye mfumo wa TAUSI. Namba ya mlipakodi, ritani na namba za malipo ya serikali zote zina akaunti, na kila akaunti ina nywila. Mabadiliko haya yana manufaa makubwa. Mtu wa Itigi hahitaji tena kulala gesti Dodoma au Dar es Salaam akisubiri mhuri. Lakini yamezaa mhusika mpya ambaye hakuna waraka wa sera unaomtaja: kijana wa stesheneri.

Huyu ndiye idara ya TEHAMA ya mji mdogo. Anapiga chapa, anatoa nakala, anafungua barua pepe kwa niaba ya mwenye mashine ya kukamua alizeti, anajaza ritani ya mwenye duka la dawa na anaomba leseni ya mwenye gesti. Nywila anazitunga yeye, mara nyingi ileile kwa wateja wote, na kuziandika katika daftari moja. Namba ya simu ya kurejeshea akaunti huenda ni yake pia. Kijana huyo akihama, akifariki, akiibiwa kompyuta au akishawishika, nusu ya mtaa inapoteza funguo kwa mkupuo. Simlaumu, bila yeye serikali mtandao isingefika Manyoni. Nasema tu kwamba tumemkabidhi ofisi nyeti bila mkataba, bila mafunzo na bila usimamizi, halafu tukaita hali hiyo maendeleo ya kidijitali.

Sheria zipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilianza kutumika Septemba 2015. Katika mjadala wa umma kilichovuma zaidi ni kifungu cha 16 kuhusu taarifa za uongo, na si vifungu ambavyo vingemlinda wakala dhidi ya mwizi wa floti. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020, lakini ujumbe wa kitapeli haukukoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023 na kuunda Tume yake. Kwa sheria hiyo, mwenye stesheneri anayetunza vitambulisho vya wateja mia mbili katika kompyuta moja ana wajibu mzito. Ni nani aliyekwenda kumweleza?

Upo msemo wa kujifariji kwamba duka dogo halina cha kuibiwa, na wadukuzi wanatafuta mabenki. Historia ya karibuni inaukanusha. Mwezi Juni 2017 programu hasidi iliyopewa jina la NotPetya ilienea duniani kwa kupitia masasisho ya M.E.Doc, programu ya hesabu na kodi iliyotumiwa na biashara nyingi nchini Ukraine. Walioshambuliwa hawakuwa wamebofya kiungo cha kipuuzi. Walikuwa wakitumia chombo cha kawaida cha kutimizia wajibu wao wa kodi, na chombo hicho ndicho kilichokuwa mlango. Kampuni kubwa ya meli ya Maersk ilijenga upya mifumo yake kwa sababu ilikuwa na jeshi la mafundi. Duka lisilo na nakala rudufu halijengi upya chochote. Linaanza upya, likiweza.

Usalama, aidha, hauishii kwenye kumzuia mwizi. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilikatika, na intaneti ikadorora nchini kote. Kuanzia siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa, safari hii kwa uamuzi wa watu. Kwa mwenye duka aliyehamishia orodha ya wadeni, bidhaa na mauzo yote mtandaoni, sababu hizo mbili zina matokeo yaleyale: hajui anamdai nani. Dola inayomlazimisha raia kufanya kazi zake mtandaoni inajifunga nayo, kimaadili ikiwa si kisheria, kuuacha mtandao huo wazi.

Je, duka la Manyoni liajiri mtaalamu wa usalama wa mtandao? Haliwezi, na hakuna haja. Historia yetu wenyewe inatuonyesha njia. Vyama vya ushirika havikuweza kila kimoja kuajiri mkaguzi wake, ndipo mwaka 1982 likaundwa shirika la kuvikagua na kuvisimamia kwa pamoja, COASCO. Utendaji wa ushirika una mengi ya kulaumiwa, lakini kanuni ni sahihi: kisichowezekana kwa mmoja huwezekana kwa arobaini. Chukulia maduka na mawakala arobaini wakichanga shilingi 10,000 kila mmoja kwa mwezi. Hizo ni 400,000, na kwa kijana mwenye stashahada ya TEHAMA anayezunguka mtaani bila ajira huo ni mwanzo wa heshima.

Kazi yake ingefanana na ile ya genge. Kila wiki apite duka kwa duka, achukue nakala rudufu kwenye diski inayotunzwa mbali na kompyuta, na asasishe programu. Ahakikishe kila akaunti ina barua pepe na namba ya mwenye biashara, wala si ya fundi, na kila mfanyakazi ana nywila yake. Simu ya uwakala itengwe na simu ya nyumbani. Ujumbe wa kitapeli utumwe namba 15040 siku hiyohiyo. Yeye mwenyewe afungwe na mkataba wa maandishi unaomkataza kujua namba ya siri ya mtu yeyote. Halmashauri itoe chumba, Tume ya TEHAMA itoe mafunzo na utambulisho, na TRA, inayofaidika na kila risiti, ichangie gharama za utunzaji kama inavyodai matumizi ya mashine.

Hili la mwisho ndilo la kisiasa, na ndilo litakalopingwa. Watasema biashara ni ya mtu binafsi, na ulinzi wake ni jukumu lake. Ningekubali, kama kumbukumbu zingekuwa zake peke yake. Lakini tangu 1923 dola imesema wazi kwamba inazihitaji, kwa lugha yake, kwa mashine yake na kwa wakati wake. Mwenye kudai matunda ya mti hawezi kuukana wajibu wa kuumwagilia maji.

Leo reli ya kisasa inajengwa kutoka Makutupora, ndani ya wilaya hiyohiyo ya Manyoni, kuelekea Tabora. Hakuna mhandisi atakayethubutu kuikabidhi bila mpango wa matengenezo. Mwenye duka aliye mita mia mbili kutoka stesheni anastahili uhandisi wa akili hiyohiyo.