Usiku wa Pili Baada ya Kisu



Mama alipasuliwa hapa Likasi mwaka jana. Operesheni ilichukua masaa mawili tu, ikaenda vizuri. Mimi ndiye nilimlinda, nikatandika mkeka chini, kando ya kitanda chake. Usiku wa kwanza alikaa kimya. Usiku wa pili akakesha. Kila nikiinua kichwa nakuta macho yake wazi, na akisinzia kidogo anashtuka, anasema wanabomoa tena nyumba za Shinkolobwe, kama mwaka 2004. Asubuhi nikamwambia muuguzi. Akanijibu: si alilala masaa mawili yote kule ndani?

Mama akasema polepole: "Ile haikukuwa usingizi, mwanangu. Ilikuwa kufa kidogo."

Mimi ni mtu wa kilimo, si daktari, lakini neno hilo lilinikaa kichwani. Nikakumbuka kwamba Watanzania dawa hiyo wanaiita nusukaputi, na wengi wanasema "kaputi" lilitoka kwa Wajerumani: kitu kilichoharibika, kilichokwisha. Nusu kwisha. Wazee waliotunga neno hilo walikuwa karibu na ukweli kuliko sisi tunaosema "alilalishwa".

Historia tunayofundishwa inaanzia Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846. William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha, na daktari Warren akamkata uvimbe shingoni bila mgonjwa kupiga kelele. Mwaka uliofuata ikaja klorofomu. Toka hapo kila kitabu kinahesabu ushindi wa saa ile ya kisu. Usiku unaofuata haumo.

Lakini kuna maandishi ya kwetu Afrika ya Mashariki ambayo usiku huo umo, kidogo. Mwaka 1879, Mwingereza Robert Felkin alikuwa Kahura, Bunyoro, nchi ambayo leo iko Uganda. Aliona mganga akimpasua mwanamke aliyeshindwa kuzaa. Mwanamke alinyweshwa pombe ya ndizi mpaka akalewa nusu, na pombe hiyo hiyo mganga alinawia mikono na kuoshea tumbo. Akafungwa kitandani kwa nguo ya magome. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto, kidonda kikafungwa kwa pini saba za chuma, juu yake dawa ya mizizi iliyotafunwa. Felkin anasema mwanamke hakulia mpaka pini zilipochomwa. Aliandika pia joto la mwili: lilikuwa karibu la kawaida, isipokuwa usiku wa pili, lilipopanda kupita kidogo digrii 38, na moyo ukapiga mara 108 kwa dakika. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona.

Wengi wanaisimulia habari hii kwa ajili ya ile pombe. Mimi nilisimama kwenye usiku wa pili. Hata mche ukihamishwa kitaluni, siku ya kwanza unasimama vizuri. Unaanza kulegea kesho yake.

Na Shinkolobwe yetu? Tukisikia jina hilo tunafikiri Hiroshima moja kwa moja. Lakini kabla ya bomu, madini yake yalikwenda hospitalini. Sharp aliyaona mwaka 1915, na toka 1922 kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kilitoa radiamu kutoka mawe yetu. Ilitiwa ndani ya sindano, madaktari wakazichoma katika nyama ya wagonjwa wa kansa na kuziacha humo siku kadhaa. Gramu zilihesabiwa, bei ikaandikwa. Yule aliyelala na sindano mwilini alipitaje usiku, hilo vitabu vya Union Minière haviwezi kutuambia.

Kusema kweli, zamani hakukuwa na njia ya kupima. Ni mwaka 1929 Hans Berger alipotangaza mashine inayoandika umeme wa ubongo wa mtu, na 1953 ndipo Aserinsky na Kleitman wa Chicago walipoeleza usingizi wa macho yanayochezacheza, ule wenye ndoto nyingi. Baadaye mashine hizo zikapelekwa kwa waliopasuliwa. Ikaonekana kwamba ubongo chini ya nusukaputi unafanana zaidi na wa mtu aliyezimia kuliko wa mtu aliyelala. Baada ya operesheni kubwa, usingizi wa ndoto karibu unatoweka usiku wa kwanza, kisha siku zinazofuata unarudi kwa nguvu, na jinamizi pamoja nao. Morfini, yenye jina la mungu wa ndoto wa Wagiriki, inatuliza maumivu lakini nayo inavuruga usingizi huo. Ongeza maumivu, taa, na mlango unaogonga usiku kucha.

Kwa hiyo mama hakuwa anadeka, wala hakurogwa kama shangazi alivyoanza kunong'ona.

Usiku wa tatu nilimwomba muuguzi mwingine azime taa iliyo juu yetu, akakubali. Kabla ya giza nikamwambia kuhusu vidonge vya maumivu, akavileta mapema, bila kungoja mama alie. Yule jirani wa kitanda cha pili akapunguza redio. Mama alishtuka mara mbili. Usiku wa nne alikoroma mpaka mimi ndiye nikakosa kulala.